Kukosea si Kusema Uongo

Sisi washarika wa Mbebe, hapa Ileje, tunalijua swali ambalo ndugu humuuliza daktari kwa sauti ya chini: "Daktari, amebakiza muda gani?" Akishajibu, tunawaita watoto walioko Tunduma, tunauza ng'ombe, au tunamrudisha mgonjwa nyumbani. Wakati mwingine mgonjwa huishi kupita muda uliotajwa. Je, daktari alitudanganya?

Huko Marekani swali hili limefika mahakamani. Medicare, bima ya serikali kwa wazee, hulipia tiba shufaa, yaani huduma ya kumtuliza mgonjwa asiyetarajiwa kupona, madaktari wakithibitisha kwamba amebakiza miezi 6 au pungufu. Serikali iliishtaki kampuni ya AseraCare kwamba ilidai malipo kwa wagonjwa ambao hawakuwa karibu na kifo. Daktari wa upande mmoja alisoma mafaili akasema hawakustahili; wa upande wa pili akasema walistahili. Mwaka 2019 mahakama ya rufani iliyoko Atlanta iliamua kwamba madaktari kutofautiana kwa nia njema, peke yake, hakuthibitishi uongo. Lazima ionekane, kwa mfano, kwamba daktari hakulipitia faili au hakuamini alichokisaini. Mwaka 2020 mahakama ya rufani ya Philadelphia ilikataa kipimo hicho. Kumbe hata majaji wanasumbuka.

Maandiko yanatusaidia. Isaya alimwambia Mfalme Hezekia kwamba atakufa, kisha Mungu akamwongezea miaka 15. Hatumwiti Isaya mwongo. Gehazi naye alimkimbilia Naamani akatunga habari za vijana wawili waliofika wakiwa na shida, apate fedha na mavazi. Hata kama vijana wawili wangetokea jioni ile kweli, Gehazi angebaki mwongo. Uongo haupimwi kwa yaliyotokea baadaye, bali kwa alichojua msemaji alipofungua kinywa.

Jambo hili linatuhusu. Mwaka 2023 nchi yetu ilitunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Fedha za bima ni jasho la wengi; anayeandika madai ya uongo anamnyang'anya mjane dawa yake. Lakini tukimwadhibu kila daktari ambaye mgonjwa wake amechelewa kufa, nani atathubutu kusaini ili anayeteseka apate nafuu?

Mtu atasema: moyo wa daktari hauonekani, tutamjuaje Gehazi? Ni kweli, lakini faili linaonekana. Daktari mwaminifu humpima mgonjwa, huandika alichokiona na sababu ya uamuzi wake, na hali ikibadilika huandika tena. Huyo tumtetee hata akikosea. Aliyesaini bila kumwona mgonjwa ajibu mbele ya sheria.

Nasi tusaini kwa hofu ya Mungu. Tukiletewa fomu yenye huduma tusiyoipata, tukatae, maana kalamu ya Gehazi yaweza kushikwa na mgonjwa pia.