Mashine Haidanganyi, Lakini Inajua Nini?

Kuna sentensi inayomaliza mabishano mengi siku hizi: "Mashine haidanganyi." Utaisikia benki, utaisikia kwa mita ya tokeni, utaisikia ofisini. Ikishasemwa tu, mtu aliye upande wa pili wa meza anaanza kuonekana mwongo kabla hajafungua mdomo. Mimi kazi yangu ni kufunga mashine za milangoni, zile unazosogezea kadi, zinalia "tii", mlango unaachia. Kwa hivyo naomba tuikague hiyo sentensi polepole. Sipingi kwamba mashine haidanganyi. Kudanganya kunahitaji kwanza uujue ukweli. Swali langu ni lingine: mashine inajua nini?

Kile kiboksi cha ukutani ni kisomaji tu, hakiamui chochote. Anayeamua ni kidhibiti, ubao wa saketi uliofichwa juu ya dari au ndani ya kabati la umeme. Kati yao kuna kebo, na katika majengo mengi ya Nairobi niliyoingia na ngazi yangu, kwenye kebo hiyo wanaongea lugha inayoitwa Wiegand. Jina linatokana na John Wiegand, mvumbuzi wa Marekani, ambaye vipande vya waya wake wa sumaku viliwekwa ndani ya kadi za miaka ya 1970 na 1980. Kadi zile ni nadra kuziona leo. Lugha yake bado iko.

Ni lugha rahisi ajabu. Waya mbili za data: mmoja wa sifuri, mwingine wa moja. Kisomaji kikitaka kusema sifuri, kinashusha umeme kwenye waya wa kwanza kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kikitaka kusema moja, kinaushusha kwenye wa pili. Sentensi ya kawaida ina biti 26. Biti 8 ni namba ya kampuni au jengo, biti 16 ni namba ya kadi, na biti 2 ni za ukaguzi, moja mwanzoni na moja mwishoni. Basi. Hakuna jina, hakuna sura, hakuna siri.

Tena mazungumzo ni ya upande mmoja. Kisomaji kinasema, kidhibiti kinasikiliza. Kidhibiti hakina njia ya kuuliza, "Ni wewe kweli?" Na zile biti mbili za ukaguzi zinanasa makosa, hazinasi uongo. Biti moja ikigeuka njiani kwa sababu ya kebo mbovu, zitagundua. Mtu akituma namba ya mwenzake ikiwa imenyooka vizuri, zitampigia saluti.

Sasa fikiria kazi ninayopewa mara nyingi. Mteja ananunua moduli mpya ya kisasa ya kusoma kadi bila kugusa. Ndani ya kadi mpya kuna chipu yenye ufunguo wa siri. Kadi na kisomaji vinathibitishana kwa maswali yanayobadilika kila mara, kwa usimbaji wa AES. Kazi safi kabisa. Lakini kidhibiti cha zamani bado kiko darini, na kukibadilisha ni gharama, kwa hivyo moduli mpya inawekwa iongee Wiegand. Maana yake ni kwamba siri yote inaishia kwenye kiboksi. Kuanzia hapo hadi darini, namba inasafiri uchi. Ni kama kupokea barua iliyofungwa kwa lakiri, kuifungua getini, halafu kumsomea mwenye nyumba kwa sauti kutoka huko nje. Mwaka 2007, kwenye mkutano wa DEF CON kule Las Vegas, Zac Franken alionyesha kifaa kidogo kinachounganishwa kwenye waya hizo nyuma ya kisomaji, kikakariri namba ya kadi na kuirudia baadaye. Na kwa zile kadi za zamani za kilohezi 125, ambazo bado ziko kwenye shingo za watu wengi, huhitaji hata kufungua kiboksi. Zinamtajia namba yao yeyote anayezikaribia na kisomaji, na vifaa vya kuzinakili vinauzwa wazi mtandaoni.

Kwa hivyo rekodi ya mlango, ikisomwa kwa uaminifu, inasema hivi: "Saa 20:47, biti 26 zenye namba hii zilifika kutoka mlango wa tatu." Lakini kwenye skrini ya meneja haiandikwi hivyo. Inaandikwa jina la mtu. Kutoka namba hadi mtu kuna mruko, na huo mruko haukufanywa na mashine. Ulifanywa siku ile mtu wa ofisi aliandika jina kwenye jedwali na wote wakakubaliana kuliamini.

Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja kutoa rekodi kama hizo. Mfumo sikuufunga mimi. Laptopu ilikuwa imepotea, na mlango ulikuwa umefunguliwa karibu saa tatu usiku kwa kadi ya mama wa chai. "Mwanangu," aliniambia mimi, si meneja, labda kwa sababu mimi ndiye niliyeshika karatasi, "saa hizo nilikuwa Pipeline, napika." Nilieleza pale pale kile ambacho mashine ile inaweza kujua na kile ambacho haiwezi. Meneja akanijibu bila hasira: "Hizo ni hadithi za mafundi. Mashine haidanganyi." Kama ni yeye aliyechukua au si yeye, mimi sijui. Hoja yangu ni kwamba hata ile karatasi haikujua, lakini yeye ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa anapika.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi kosa lake kwa lugha anayoielewa na amsikilize kabla ya kumfukuza. Ni kifungu kizuri. Lakini utamsikilizaje mtu ikiwa ushahidi wenyewe umeshapewa sifa ya kutokosea?

Hapa ndipo swali la maadili linaponibana. Mteja wangu ni kampuni. Ndiye anayelipa, ndiye anayechagua kubaki na kebo ya zamani. Lakini hatari ya uamuzi huo hawaibebi peke yao. Inabebwa pia na soja, mfagiaji na mama wa chai, watu ambao hawakuulizwa na hawatawahi kuona risiti. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walisema. Nadhani nina deni kwa hao pia.

Kuna wanaoniambia kwamba kusema udhaifu huu waziwazi ni kuwafundisha wezi. Hoja hiyo ilishafika mahakamani. Mwaka 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Nijmegen, walivunja siri ya kadi ya MIFARE Classic, iliyotumika wakati huo hata kwenye kadi ya usafiri ya Oyster kule London. Kampuni ya NXP, inayoitengeneza, ilitaka makala yao yazuiwe. Mahakama ya Arnhem, Uholanzi, ikakataa. Na zaidi ya karne moja kabla, mwaka 1883, Auguste Kerckhoffs alikuwa ameshaandika kwamba mfumo mzuri unapaswa kubaki salama hata adui akiujua wote, mradi ufunguo tu ubaki siri. Mwizi mzoefu anajua tayari. Asiyejua ni yule anayeitwa ofisini Jumatatu asubuhi kujitetea.

Wengine wanasema basi ng'oa zote, weka OSDP, itifaki mpya inayoongea pande mbili na kusimba maneno kwenye kebo. Pesa zikiwepo, sawa kabisa. Lakini siamini kwamba cha zamani ni dhambi. Wiegand imedumu kwa sababu ni rahisi na kwa sababu vifaa vya kampuni tofauti vinaielewa. Kwa kufungua mlango wa kabati la karatasi inatosha. Ubaya unaanza pale tunapokipa kitu cha zamani kazi ambayo hakikuumbwa kuifanya: kilitengenezwa kufungua mlango, sisi tunakisimamisha kizimbani.

Kwa hivyo siku hizi, kwenye karatasi ya makabidhiano naandika mistari miwili kwa Kiswahili cha kawaida: mfumo huu unaandika namba ya kadi, hautambui mtu, rekodi yake isitumike peke yake kumtia mtu hatiani. Mteja mmoja aliniuliza kama najaribu kuharibu biashara yangu mwenyewe. Mwingine alisaini bila kusoma, na najua karatasi hiyo italala kwenye faili. Ndiyo maana mistari hiyo hiyo nawaambia wafanyakazi pia, wakati wanapanga foleni kujaribu kadi zao mpya. Wengi wanacheka. Soja mmoja aliomba nirudie, akaiandika kwenye simu yake.