Je, Asiyesikia Ana Hatia?

Kila mtu ajua ya kwamba mwenye shida hana budi kulia. Lakini liko neno lisiloulizwa mara nyingi: je, yeye asiyesikia kilio ana hatia? Neno hili twaweza kulipima kwa habari ya simu, yaani ile lugha ya nukta na vistari iitwayo kwa jina la Samuel Morse wa Marekani.

Tarehe 24 Mei 1844 Morse alipeleka habari kwa waya toka Washington hata Baltimore, na maneno yake yalitoka katika kitabu cha Hesabu. Katika lugha hiyo E ni nukta moja, T ni kistari kimoja, na kistari hudumu muda wa nukta tatu. Hata kimya kina kipimo chake: kati ya herufi na herufi ni nukta tatu, kati ya neno na neno ni saba. Asiyetunza kimya huyavuruga maneno yote. Tena mwanafunzi mwema hahesabu nukta, bali huijua kila herufi kwa sauti yake, kama mtoto alijuavyo jina lake kwa kuitwa. Basi kazi hii ni ya sikio kwanza, ndipo mkono.

Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 merikebu Titanic iligonga mlima wa barafu katika bahari ya Atlantiki, ikaomba msaada kwa simu ya upepo. Merikebu Californian ilikuwa imesimama si mbali, imezuiwa na barafu. Lakini mpiga simu wake, aliyeifanya kazi hiyo peke yake, alikuwa amekwisha kufunga chombo chake akaenda kulala. Katika Carpathia, iliyokuwa mbali zaidi, Harold Cottam naye alikuwa karibu kulala, ila alikuwa hajavua visikizio. Akasikia. Carpathia ikaja mbio, ikaokoa watu wapata 700. Wapata 1,500 walikufa.

Je, tumhukumu yule aliyelala? Hasha. Alikuwa amefanya kazi mchana kutwa, wala hakuna sheria iliyomwagiza kukesha. Hakusikia akakataa. Naye Cottam hakusikia kwa kuwa ni mwema kuliko mwenzake, bali kwa kuwa alichelewa kulala.

Lakini wako wengine. Mabaharia wa zamu katika Californian waliona fataki nyeupe zikipanda mbinguni. Wakaashiria kwa taa, wasijibiwe; nahodha akapewa habari; wala hakuna aliyemwamsha mpiga simu mpaka alfajiri. Hao hawakukosa masikio. Waliona dalili, wakashindwa kuifasiri, na mwenye kuweza kuuliza alikuwa amelala hatua chache tu kutoka kwao.

Basi naona ya kuwa kutosikia si hatia. Hatia ni kuona dalili na kuacha kuuliza. Tena wako wenye kuweka amri: kuokoka kwa watu wengi kusiachwe kutegemea usingizi wa mtu mmoja. Mwaka uo huo wa 1912 Marekani ilitunga sheria ya kwamba merikebu kubwa za abiria ziwe na mtu wa kusikiliza usiku na mchana.

Tangu mwaka 1999 merikebu hazilazimiki tena kutumia lugha ya Morse. Lakini vilio havikukoma, wala si vyote vyenye sauti. Ndugu msomaji, jirani yako akinyamaza siku nyingi kuliko desturi, usiseme, "Sikuitwa." Nenda ukabishe hodi.