Walinzi wa Kaburi na Kamera za Polisi



Katika Mathayo 28 twasoma habari za askari waliolinda kaburi. Hao ndio waliokuwa mashahidi wa karibu kuliko wote. Lakini walipewa fedha, wakafundishwa kusema kwamba wanafunzi walimwiba Bwana usiku, wao wakiwa usingizini. Nasi twauliza: aliyelala alimjuaje mwizi?

Siku hizi shahidi wa namna hiyo ni kamera. Yenyewe haipokei fedha wala haina woga, lakini anayeitunza ni mwanadamu. Mwezi Juni 2025 mwalimu Albert Ojwang alikufa akiwa mikononi mwa polisi wa kituo cha Central, Nairobi. Kwanza ilisemwa kwamba alijigonga kichwa ukutani. Madaktari walioupasua mwili wakayakataa maneno hayo. Ndipo IPOA, mamlaka iliyowekwa kwa sheria ya 2011 kuwachunguza polisi wa Kenya, ikaeleza kwamba kamera za kituo zilikuwa zimechezewa. Askari kadhaa walishitakiwa kwa mauaji, nao wakakana.

Wala si habari ya Wakenya tu. Tarehe 7 Septemba 2017 Tundu Lissu, wakati ule Mbunge wa Singida Mashariki, alipigwa risasi katika makazi yake Dodoma. Yeye amesema mara nyingi kwamba kamera za mahali pale ziliondolewa baadaye. Hatusemi habari za chama hapa. Twasema habari za damu, kama ile ya Habili.

Je, basi kila picha ionyeshwe kwa watu wote? La. Shemu na Yafethi walimfunika baba yao bila kumtazama. Maiti ya mtoto wa mtu kuzungushwa katika simu za vijana sokoni Manyoni ni dhihaka. Lakini angalieni: wana wale walimfunika aliyeaibika, na walinzi wa kaburi waliwafunika wakuu. Kwa macho ni kufunika kule kule. Kwa hiyo twaona kanuni ya haki ianzie hapa: picha isikae mikononi mwa yule ambaye matendo yake yamo ndani yake. Asiyehusika aichukue upesi, kabla haijafutika. Wafiwa na hakimu waione kwanza, kisha watu waelezwe kweli yote.

Wako washirika wetu wavaao sare za polisi. Asiyempiga mahabusu, kamera hiyo hiyo itamtetea atakaposingiziwa. Jumapili ijayo, katika maombi, tuwataje hao pamoja na wote walio mahabusu.