Je, Nia Njema Yatosha?

Katika chai tunywayo kila asubuhi hapa pwani, si haba itokayo Kericho na Bomet, nchi ya milima na mvua nyingi. Lakini wakulima wa huko hawaishi kwa chai tu. Wako wapandao nyanya, pilipili hoho na miche ndani ya nyumba za nguzo na karatasi ya nailoni, ziitwazo vivungulio, ili mimea isalimike na mvua na baridi. Miaka ikipita, nailoni hupasuka kwa jua, mchwa hula nguzo, na nyumba hulala. Hapo watu wa mtaa hukusanyika, vijana kwa wazee, wakasema: tuiinue wenyewe. Fundi hawana, fedha ni chache. Walicho nacho ni nia.

Jambo hili laonekana dogo, lakini ndani yake mna suala litupasalo kulitazama: mtu akifanya kazi ya bure kwa moyo safi, kisha kazi ikaharibika kwa kuwa hakuijua, je, moyo wake safi wamwondolea lawama?

Wako wasemao kwamba asiyelipwa halaumiwi. Na wako wasemao kwamba asiyejua na akae kando, awaachie mafundi. Sisi twaona kauli zote mbili zina upungufu.

Ama ile ya kwanza, tutazame kazi yenyewe. Kericho yajulikana duniani kwa wingi wa mvua ya mawe, hata mwishoni mwa miaka ya 1960 palifanywa majaribio ya kuipunguza kwa kutia dawa mawinguni ili kuokoa chai. Sasa nailoni ikitandazwa pasipo kukazwa, maji na mawe hutuama juu ya paa. Lita 1 ya maji ni kilo 1. Basi kidimbwi cha lita 200 ni kilo 200 zining'iniazo juu ya kenchi. Nguzo isiyosimamishwa kwa timazi, wala kutiwa mbao za mshazari za kuishikilia, italala upande. Mvua haiulizi ni nani aliyelipwa na ni nani aliyejitolea.

Tena tujiulize: nyumba ikianguka, mwenye kupata hasara ni nani? Aliyejitolea amepoteza siku moja au mbili. Mwenye miche amepoteza mbegu, mbolea, maji aliyoyachota, na pengine karo ya mwanawe. Wanazuoni wetu wa fiqhi wamelipambanua jambo hili zamani. Wamesema kwamba mtu atibuye wagonjwa hali hajulikani kuwa na elimu ya utabibu, akidhuru, huwa na dhamana ya madhara yale, ingawa alikusudia kuponya. Nia njema yaweza kumwondolea mtu dhambi ya kukusudia uovu, lakini haimrudishii mwenye mali mali yake. Hayo ni mambo mawili, wala haifai kuyachanganya.

Ama kauli ya pili, ya kwamba asiyejua na akae kando, hiyo nayo ingeliua kila jambo la kheri. Hapa pwani nyumba ngapi za udongo zilikandikwa na majirani ambao hawakuwa waashi? Na Wakipsigis, wenyeji wa Kericho na Bomet, wana kokwet yao, ujirani wa watu washaurianao na kusaidiana. Hakuna aliyezaliwa fundi, na mkono haujifunzi kwa kutazama tu.

Basi njia ya haki ni ipi? Ni kuigawa kazi kwa kadiri ya ujuzi. Kubandua nailoni kuukuu, kunyosha misumari, kuchimba mashimo, kubeba mawe na kuchekecha udongo ni kazi ziwezwazo na kila mwenye nguvu. Lakini kuchagua nguzo, kupima kwa uzi na timazi, na kufunga paa, hayo yataka ajuaye, hata ikiwa ni lazima alipwe. Kuokoa ujira wa fundi kisha kupoteza nyumba nzima si uangalifu wa mali, ni israfu.

Na kabla ya kuinua nguzo hata moja, yapasa kuuliza: kilichoiangusha nyumba hii kwanza ni nini? Ikiwa ni mchwa, nguzo mpya bila kinga italiwa kama ya zamani. Ikiwa nyumba iliachwa kwa sababu nyanya zilikufa kwa mnyauko, ugonjwa huo hukaa udongoni miaka mingi. Kusimamisha nyumba nzuri juu ya udongo mgonjwa ni kulipaka chokaa kaburi. Wajuao hawako mbali: utafiti wa chai umekuwako Kericho tangu miaka ya 1950, na maafisa wa kilimo wako. Kuuliza si aibu.

Limebaki moja, nalo ndilo gumu kuliko yote. Sisi huona haya kumkosoa mtu aliyekuja bure. Twaiona nguzo yake imepinda, twanyamaza, twasema ahsante. Unyamavu huo twauita adabu, kumbe ni khiyana kwa mwenye miche. Adabu ya kweli ni kumwambia kwa upole, "Ndugu yangu, na tuing'oe tuisimamishe tena," na adabu ya aliyejitolea ni kukubali. Asiyeweza kukosolewa hajatoa sadaka. Amekuja kutaka sifa.

Nasi mijini tuna madrasa, visima na majengo yajengwayo kwa mikono ya kujitolea. Na tujitolee, wala tusiache. Lakini tujue kwamba anayetoa jasho lake pasipo malipo ameshika amana kama ashikavyo aliyelipwa, na amana haipungui uzito kwa kuwa ni ya bure.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuwafikisha.