Nani Ana Matanga

Hadithi ya ukoo wa wahalifu ina kazi moja kubwa katika sehemu yake ya kwanza: kututia msiba wao moyoni kabla hatujaanza kuwahesabu waliouawa nao. Ikifaulu hapo, tutawafuata hadi mwisho. Gangs of London, tamthilia ya Uingereza iliyoanza kuonyeshwa tarehe 23 Aprili 2020, inaifanya kazi hiyo kwa ustadi unaotisha. Finn Wallace, bwana mkubwa wa magenge ya London, anapigwa risasi. Mwanawe Sean anashika kiti cha baba na kuamuru biashara zote zisimame mpaka muuaji ajulikane. Jiji zima lifunge, kwa sababu mzee wa nyumba hii amekufa.

Lakini tumeshaonyeshwa mtu mwingine tangu mwanzo. Amening'inizwa kichwa chini kutoka juu ya jengo refu, anamwagiwa mafuta, anawashwa moto, na anayemwasha ni Sean huyohuyo. Anaanguka. Kilio kinachojaza sehemu hiyo si chake, ni cha nyumba ya Wallace. Hapo ndipo swali linaponishika: ni nini kinachomfanya mfu mmoja awe msiba, na mwingine awe tukio tu?

Nairobi ina jibu lake, na huonekana jioni, watu wakitoka kazini. Mtu akifariki hapa, hata kama nyumbani kwao ni Siaya au Kitui, wenzake huunda kamati ya matanga. Hukutana mjini, katika ukumbi wa kanisa au hotelini, wakachagua mwenyekiti na mweka hazina. Zamani palikuwa na daftari na bahasha; siku hizi kuna kundi la WhatsApp na nambari ya M-Pesa. Bili ya hospitali, mochari, jeneza, basi la kusafirisha mwili, chakula cha waombolezaji, kila kitu hupigiwa hesabu mbele ya wote. Na wanaochanga, wengi hawana tone la damu moja na marehemu. Ni jirani wa ploti ya Kangemi, ni mfanyakazi mwenzake wa Westlands, ni dereva wa matatu aliyekuwa akimbeba kila asubuhi. Watu ambao hawakuzaliwa pamoja wanakuwa ndugu kwa kubebeana wafu. Sijui jambo jema zaidi ambalo jiji hili limewahi kulibuni.

Ndiyo maana, nikirudi kwenye Gangs of London, macho yangu huenda kwa Ed Dumani. Anachezwa na Lucian Msamati, mwigizaji wa Uingereza ambaye wazazi wake ni Watanzania. Ed na Finn waliijenga himaya ile bega kwa bega, na watoto wao wakawa karibu kama ndugu. Hata hivyo Finn akifa, kiti kinaifuata damu, naye Ed anabaki kuwa mshauri wa kijana. Mwaka 2015 Msamati alikuwa mwigizaji mweusi wa kwanza kumcheza Iago, mhusika wa Shakespeare aliyerukwa cheo kilipogawiwa, katika Royal Shakespeare Company. Anajua uso wa aliyesimama kando ya kiti. Kwa hesabu ya kamati zetu, Ed angekuwa wa kwanza kutajwa miongoni mwa wafiwa.

Lakini nasi tuna wetu tuliowaacha nje. Katikati ya jiji mtu mmoja akipaza sauti ya "mwizi!", kundi hukusanyika kabla ya yeyote kuuliza ameiba nini. Mawe huja, kisha mafuta, kisha moto. Ni kifo kilekile cha yule wa London, bila jengo refu. Jamaa zake, wakipatikana, humzika upesi na kwa aibu. Wasipopatikana, mwili hukaa katika mochari ya jiji, pale Ngong Road, hadi serikali ya kaunti itoe ilani ya miili ambayo haijachukuliwa. Hapo kamati haiundwi.

David "Tosh" Gitonga aliliona hilo katika filamu yake Nairobi Half Life ya 2012. Mwas, kijana wa kijijini mwenye ndoto ya uigizaji, anaibiwa siku ileile anayofika mjini, anatupwa seli, huko anakutana na Oti, na genge la kuiba vipuri vya magari linakuwa nyumba yake. Hakuna kiti cha kurithi wala mali ya baba. Tunamjua jina, tunajua alikotoka, kwa hiyo bunduki ikimwelekea tunaogopa jinsi tunavyomwogopea mtu wa kwetu. Tamthilia ya London ilimnyima yule aliyechomwa hofu hiyo.

Na kuna wanaoidai hofu hiyo nje ya filamu. Kule Mathare, akina mama ambao watoto wao waliuawa na polisi wameunda mtandao wao, na kituo cha haki za kijamii cha mtaa huo kilitoa ripoti ya mauaji hayo mwaka 2017. Wengi wa vijana hao waliitwa majambazi siku ileile waliyokufa, na neno hilo likatosha kuufunga mjadala. Akina mama hao hawadai kwamba kila mtoto alikuwa malaika. Wanataka jina lake litajwe mahakamani, na aliyefyatua risasi ajibu.