Wito wa Mwalimu na Ujira Wake

Je, wito wa mtu unaweza kuwa sababu ya kumlipa pungufu? Nchini Kenya, mhitimu wa ualimu hujisajili na Tume ya Huduma za Walimu (TSC), kisha hungoja, pengine miaka, faili la vyeti likichakaa. Nafasi ikija, mara nyingi ni ya uanagenzi: mkataba wa muda, na kwa sekondari ya msingi, shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Darasani hukuta chaki ileile na rundo lilelile la madaftari ya kusahihisha kama mwenzake wa kudumu. Mtoto wa dawati la mbele haoni tofauti yao.

Wapo wasemao, kwa nia njema, kwamba ualimu ni kazi ya Mungu na subira huutakasa. Lakini subira ni fadhila ya anayengoja. Haimpi haki anayemngojesha. Mtume Paulo alishona mahema ili ajitegemee, na bado alitetea haki ya mhubiri kuishi kwa kazi yake. Haki hiyo aliiacha mwenyewe, hakunyang'anywa. Uhaba wa fedha ni hoja nzito zaidi, ila unaeleza kwa nini waajiriwe wachache, si kwa nini hao wachache wapunjwe kwa kazi kamili. Aprili 2024 Mahakama ya Uajiri na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba mpango huo wa uanagenzi unakiuka Katiba. Mwalimu aliyekwisha kufuzu na kusajiliwa, uanagenzi wake ni wa kujifunza nini?