WA KARIBU NDIYE JIRANI

Twawasikia wengi wakisema kwamba wawapenda wanadamu wote. Neno hilo ni jepesi, maana wanadamu wote hawaji mlangoni kutuomba chumvi, wala hawatunyimi usingizi usiku. Apimaye mapendo yetu ni yule aliye karibu.

Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu aliijua siri hiyo. Alifariki mwaka 1897, mwenye umri wa miaka 24, katika monasteri ya Wakarmeli mjini Lisieux, Ufaransa. Mwaka 1927 Papa Pius XI alimtangaza kuwa msimamizi wa misioni, ingawa hakupata kwenda misioni kamwe. Mapambano yake yalikuwa mle mle ndani. Palikuwapo sista mmoja aliyemchukiza kwa kila jambo. Teresia akamsaidia na kumwonyesha uso wa furaha, hata yule sista akamwuliza ni kitu gani kimpendezacho hivi kwake.

Basi sisi wenye nyumba tujiulize: je, msichana atusaidiaye kazi hula chakula kile kile tulacho? Hupata mshahara wake siku iliyopangwa? Kumlipa ni haki yake, tusikuite huruma. Haki ikiisha kutimizwa, ndipo mapendo yaanzapo: kumwita kwa jina lake, kumpa nafasi ya kwenda Misa, kumwuguza augua­po.

Tusingoje kuletewa jirani wa kupendwa. Mungu amekwisha kutupa. Yumo jikoni mwetu.